Mtawala Asiyewahitaji Watu Wake

Kila aliyepata kufundisha somo la Historia analijua swali ambalo wanafunzi huliuliza kila mwaka, tena kwa nyuso zilizochoka: "Mwalimu, wafalme hawa walikwisha kufa na falme zao hazipo. Zitatufaa nini?" Swali hilo si utovu wa adabu. Ni swali zuri kuliko mengi yaliyomo katika mitihani, wala halijibiwi kwa kumwambia mtoto akariri miaka. Nimelitafakari zaidi tangu nilipostaafu, maana mstaafu ana saa nyingi za kuketi kibarazani. Jibu nililofikia ni kwamba kila mmoja wetu ana utawala wake mdogo: baba nyumbani, mwalimu darasani, mwenyekiti kijijini. Maradhi yaliyoziua nyumba kubwa za wafalme ndiyo hayo hayo yanayoziua tawala zetu ndogo.

Basi katika kurasa hizi nataka kuuliza jambo moja tu: utawala huanza kufa lini? Wengine husema huanza kufa siku adui anapovunja lango. Wengine husema ni siku mrithi mpumbavu anapokalia kiti cha baba yake. Mimi nadhani huanza kufa mapema zaidi, wakati ngoma bado zinapigwa na ghala bado limejaa. Huanza kufa siku ile mtawala anapotambua kwamba anaweza kuishi bila watu wake. Nitaeleza kwa mfano uliotoka karibu na hapa kwetu, kisha nitachukua mfano wa mbali ili tuone kama maneno yangu yanasimama.

Sisi tukaao Dumila tuko uwandani, kando ya barabara kuu iendayo Dodoma. Wengi hutujua kwa kupita tu. Basi husimama, abiria hununua nyanya au mahindi, kisha huendelea na safari. Lakini mtu akigeuza uso kaskazini huiona milima ya Nguru. Wenyeji huiita nchi yao Nguu, na katika vitabu vya zamani imeandikwa Ngulu. Katika nchi hiyo alitoka mtu aliyeanzisha nyumba mashuhuri ya utawala katika Tanzania bara, nyumba ya Wakilindi, iliyotawala Usambara. Jina lake Mbegha.

Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyeishi miongoni mwa Wakilindi na kuyasikia masimulizi yao. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilianza kuchapishwa mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1962 kilitolewa tena na East African Literature Bureau. Kwa maoni yangu ni hazina ambayo haijasomwa vya kutosha katika shule zetu. Wanahistoria wamekadiria kwamba Mbegha aliishi katika nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Masimulizi yasema Mbegha aliota meno ya juu kwanza. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa ni nuksi. Wazazi wake walimlea, lakini alipokuwa mtu mzima jamaa zake walimkataa na kumnyima urithi. Akaondoka Ngulu na mbwa wake, mikuki yake na uhodari wake wa kuwinda nguruwe mwitu. Alifika Kilindi akapendwa, akafanya urafiki na mtoto wa mtawala. Mtoto yule alifuatana naye mawindoni akauawa na nguruwe, na Mbegha akalazimika kukimbia tena. Akatangatanga maporini hata akafika katika milima ya Usambara.

Hapa ndipo penye kiini cha hadithi. Washambaa walikuwa wakulima, wana ndizi tele migombani, lakini nguruwe wakiwaharibia mashamba na nyama ikiwa haba. Mbegha alikuwa na nyama, lakini hakuwa na shamba, wala ndugu, wala nyumba. Basi akawapa nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Akawaulia nguruwe waliokula mazao yao. Akawaamua walipogombana, kwa kuwa mgeni hana upande. Bumbuli wakampa mke. Akaua simba, watu wakamwita Simba, na jina hilo likawa la kifalme: kila aliyeketi Vugha baada yake aliitwa Simba Mwene.

Sisemi kwamba kila neno la masimulizi hayo lilitokea kama lilivyosimuliwa. Hadithi za mwanzo wa nyumba za kifalme aghalabu husafishwa na warithi. Lakini hata hadithi iliyosafishwa hutuambia watu walitaka mtawala wao aweje. Washambaa walichagua kumkumbuka mfalme wao wa kwanza kama mtu aliyefika mikono mitupu, akiwahitaji. Wangeweza kumkumbuka kama jemadari aliyewashinda vitani. Walimkumbuka kama mtu aliyebadilishana nao nyama kwa ndizi. Utawala, kwa mawazo yao, ulianza kama biashara ya haki kati ya watu wawili ambao kila mmoja amekosa alicho nacho mwenzake.

Wana pia maneno mawili ambayo ni falsafa kamili ya siasa. Husema kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru nchi. Mfalme wa Vugha alisadikiwa kuwa na dawa za mvua. Dawa hizo zaweza kuleta mvua, na zaweza kuizuia. Sasa mtu atauliza, kwa nini mwenye nguvu ya kuponya na kudhuru achague kuponya? Jibu lao ni la busara sana. Mtawala akiwa mmoja, na nchi yote ikawa yake, hana sababu ya kuidhuru, kwa maana njaa ya watu ni njaa yake. Mashamba yao yakikauka, ghala lake halijai. Lakini watawala wakiwa wawili wenye kushindana, kila mmoja hutumia nguvu zake kumharibia mwenzake, na mvua hukosekana kwa wote. Hali hiyo waliiita nguvu kwa nguvu. Sisi Waswahili twasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Wao walikwenda mbele zaidi, wakasema hata mawingu huumia.

Basi nyumba ya Mbegha ikakua, watoto wake na wajukuu wakaenea milimani, na ilifika kilele chake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala miaka mingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Aliwaweka watoto wake katika sehemu mbalimbali za nchi wawe wazumbe. Amri yake ilisikika milimani kote na kuteremka hadi Bonde. Hata majumbe wa mwambao karibu na Tanga na Pangani walitaka kibali chake, ijapokuwa Sultani wa Unguja naye aliwadai kuwa ni wake. Mmisionari Krapf alimwendea mwaka 1848 na tena 1852. Mwaka 1857 wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, walipanda Vugha wakamkuta mzee aliyechoka, mwenye maradhi, akitaraji kwamba wageni wale wana dawa ya kumrudishia nguvu za ujana.

Dawa hiyo hawakuwa nayo, na mwaka 1862 Kimweri alifariki. Ndani ya miaka michache milki iliyojengwa kwa vizazi vingi ilipasuka vipande vipande. Ilikuwaje?

Tutazame mahali panapoitwa Mazinde. Pako chini, uwandani, nje ya milima, katika bonde la Pangani. Zamani za Mbegha palikuwa si mahali pa kutamaniwa na mtawala. Heshima ilikuwa juu Vugha, kwenye mvua, migomba na watu wengi. Lakini katika karne ya 19 njia ya misafara ilipita huko. Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani, na nguo, magobore na baruti vilipanda bara. Huko Mazinde ndiko alikokaa Semboja, mmoja wa watoto wa Kimweri. Hakuwa na haja ya kungoja watu wa milimani wamletee mbuzi wala walime shamba lake. Barabara ilimpa kila kitu. Aliyekuwa na bunduki aliweza kuteka watu, aliyeteka watu aliweza kuwauza, na aliyewauza aliweza kununua bunduki nyingine. Gurudumu hilo lilizunguka lenyewe, bila mvua na bila migomba.

Kiti cha Vugha kilimwangukia Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri, kwa kuwa baba yake Mshuza alikwisha kufa kabla ya mzee. Semboja hakukubali kuwa chini ya mtoto wa nduguye. Akapanga vita, akachukua wasaidizi kutoka nje, na Shekulwavu akafukuzwa Vugha. Katika machafuko hayo hayo watu wa Bonde waliinuka dhidi ya Wakilindi waliowatawala. Maasi hayo yanajulikana kwa jina la Kiva. Wakilindi waliokuwa huko waliuawa au kufukuzwa, kwani watu walikuwa wamechoka kuona wenzao wakikamatwa na kuuzwa.

Sasa nakuomba, ndugu msomaji, uzingatie jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko vita vyote vile. Semboja alipoishinda Vugha, hakuhamia Vugha. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, akalie kiti cha mababu, na yeye akabaki Mazinde, kwenye njia ya misafara. Tafakari maana yake. Kiti ambacho Mbegha alipewa na watu, kiti cha Simba Mwene, kilikuwa sasa kitu cha kumpa mtoto. Aliyekuwa na nguvu za kukikalia aliona hakina faida kubwa kama barabara. Mimi nasema siku hiyo ufalme wa Wakilindi ulikuwa umekwisha kufa, ijapokuwa ulizikwa baadaye sana.

Mtu anaweza kunipinga. Atasema kwamba ugomvi wa urithi ni jambo la kawaida katika kila nyumba ya kifalme, na kwamba Kimweri mwenyewe ndiye aliyepanda mbegu yake kwa kuwagawia watoto wake nchi, kila mmoja akawa simba mdogo. Hilo ni kweli. Tena atasema Kimweri hakuwa malaika. Mfalme wa Vugha alikuwa na uwezo juu ya maisha na mali za watu, na kulikuwa na watumwa katika nyumba yake. Hilo nalo ni kweli, wala si vema kuwapaka wazee rangi nzuri wasiyokuwa nayo. Lakini ugomvi wa ndugu hauvunji nyumba ikiwa wanaogombana wote wanahitaji dari moja. Ndugu wanaolima shamba moja hugombana asubuhi na jioni wakala pamoja, kwa sababu mavuno ni ya wote. Ndugu mmoja akipata mshahara wake wa nje, ugomvi wa asubuhi huwa ugomvi wa maisha. Bunduki na barabara havikuleta wivu katika nyumba ya Kimweri, kwa kuwa wivu ulikuwapo. Viliondoa lile lililokuwa likiuzuia.

Hapa kwetu Morogoro tunao mfano mwingine, mfupi na mkali. Katika karne hiyo hiyo ya 19 Mzigua mmoja, Kisabengo, alijijengea mji chini ya milima ya Uluguru na kuuzungushia ukuta. Nguvu zake zilitokana na utekaji wa watu na njia ya misafara. Baada yake alitawala binti yake, na mji ukajulikana kwa jina la Simbamwene. Jina ni lile lile la Vugha, lakini halikuwa na nyama wala ndizi nyuma yake. Stanley alipopita mwaka 1871 aliusifu kwa minara yake na ukuta wake wa mawe. Alipokuwa njiani kurudi pwani mwaka 1872, aliambiwa mafuriko yamebomoa ukuta wa mbele na kuchukua nyumba. Sisi wa Dumila, tulioona Januari 2014 jinsi mto Mkundi ulivyolikata daraja la barabara kuu, hatuhitaji kuelezwa nguvu ya maji. Lakini mji wenye watu wanaoupenda hujengwa upya mafuriko yakipita. Ukuta wa Simbamwene haukupata tena sifa ile.

Yaliyofuata Usambara nitayasema kwa ufupi. Wajerumani walipoimarisha utawala wao katika miaka ya 1890 walikuta nyumba iliyokwisha kupasuka. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, aliyekuwa mtawala wa Vugha, na kila aliyekuja baada yake alijua kwamba kiti chake kiko mikononi mwa mgeni. Waingereza nao walikuja na mpango wa kutawala kupitia kwa machifu. Machifu wakalipwa mshahara na serikali. Hili lilionekana kuwa heshima, na kumbe ni Mazinde nyingine: chakula cha mtawala hakikutoka tena mikononi mwa watu wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilipotaka wakulima wachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, chifu ndiye aliyetakiwa kuwasukuma watu wake. Watu wakakasirika, wakakumbuka maneno yao ya kale, wakasema nchi inadhuriwa. Huku Uluguru ghasia za matuta zilizuka mwaka 1955. Usambara, mpango ule uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mwaka 1963, mimi nikiwa mwanafunzi mdogo, utawala wa machifu ulikuwa umefutwa katika Tanganyika nzima. Mputa Magogo ndiye aliyekuwa Simba Mwene wa mwisho mwenye madaraka. Watu hushangaa kwamba taasisi za kale namna hiyo ziliondolewa pasipo kumwaga damu. Mimi sishangai. Mti ambao mizizi yake imekatwa zamani hauhitaji shoka. Huusukuma kwa mkono.

Sasa twende mbali kidogo. Mwanachuoni wa Kiarabu Ibn Khaldun, katika kitabu chake cha Mukadima alichokiandika mwaka 1377, alisema nyumba ya utawala kwa kawaida huishi vizazi vitatu, kila kizazi miaka 40, jumla 120. Kizazi cha kwanza kinajua taabu na kushikamana. Cha pili kinaijua taabu kwa kuiona kwa wazee. Cha tatu hakijui kitu, kinadhani utawala ni maumbile. Hesabu yake haikosei mbali kwa Wakilindi. Wala haikosei mbali kwa nyumba kubwa ya kale ya Bara Hindi, nyumba ya Maurya.

Nyumba hiyo iliinuliwa na Chandragupta yapata mwaka 321 kabla ya Kristo. Mjukuu wake, Ashoka, alitawala karibu Bara Hindi lote. Aliivamia nchi ya Kalinga, na baada ya ushindi aliandikisha juu ya mwamba hesabu ya madhara yake mwenyewe: watu 100,000 waliouawa, 150,000 waliohamishwa, na wengine wengi zaidi waliopotea. Akatangaza majuto. Ni wafalme wangapi duniani waliochora majuto yao juu ya mawe? Akaagiza visima vichimbwe na miti ipandwe kando ya barabara. Akaamuru kwamba apelekewe shida za watu saa yoyote, hata akiwa mezani au chumbani, akaeleza kwamba kwa kufanya hivyo analipa deni analodaiwa na viumbe.

Neno hilo "deni" linanisisimua. Mfalme mwenye jeshi, ndovu na hazina zisizohesabika, ambaye hakuna aliyeweza kumlazimisha, alijiona mdaiwa. Mbegha aliwahitaji watu kwa sababu hakuwa na kitu. Ashoka alikuwa na kila kitu, akajifunza kuwahitaji.

Lakini hapa ndipo linapokuja swali gumu, nami sitalikwepa. Ashoka alikufa, na baada ya miaka hamsini hivi nyumba yake ilianguka. Mfalme wa mwisho, Brihadratha, aliuawa na jemadari wake mwenyewe, Pushyamitra, yapata mwaka 185 kabla ya Kristo. Basi kama nyumba ya mwema ilianguka, na nyumba ya mkatili ikaanguka, wema una faida gani? Mwanafunzi mwerevu angeniuliza hivyo, na ningempa alama zote.

Jibu la kwanza ni kwamba moyo wa mtu haurithiwi kama ng'ombe. Ashoka alijiona mdaiwa kwa sababu ya yaliyompata Kalinga, na yaliyompata hayakuwapata wajukuu zake. Ndiyo maana watu wenye hekima hawategemei moyo mwema wa mtawala peke yake. Huweka taratibu za kumfanya awahitaji watu hata asipotaka: kura, mahakama, mikutano ya hesabu, vipindi vyenye mwisho. Mvua ya Washambaa ilikuwa utaratibu wa namna hiyo. Mfalme alijua kwamba ukame ukizidi, macho yote yatageukia Vugha.

Jibu la pili ni kwamba kudumu si kipimo pekee. Mawe hudumu kuliko mikate, lakini hatuli mawe. Kila nyumba ya utawala itapita. Kinachotofautiana ni kile kinachobaki inapopita. Maandishi ya Ashoka yalisahauliwa mpaka hakuna aliyeweza kuyasoma. Mwingereza James Prinsep aliyafumbua mwaka 1837. India ilipopata uhuru ilichukua simba wa nguzo yake ya Sarnath kuwa nembo ya taifa. Kwa Washambaa nako, jina la Kimweri ye Nyumbai lilibaki kuwa kipimo cha nchi yenye mvua na utulivu, wakati zama za Semboja zilibaki kuwa mfano wa nguvu kwa nguvu. Wote wawili wamekufa. Lakini mmoja watu humtaja wanapotaka kueleza namna mambo yanavyopasa kuwa, na mwingine wanapotaka kueleza namna yalivyoharibika. Hiyo si tofauti ndogo.

Sasa nirudi katika tawala zetu ndogo, maana ndiko nilikoahidi kufika. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, kabla na baada ya mwaka 2002, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ambao sisi walimu tuliuita MMEM. Ada zilifutwa, na watoto wa maskini waliingia darasani kwa wingi. Lilikuwa jambo jema, na sitaki mtu anielewe kwamba natamani ada zirudi. Lakini niliona na jambo la pili. Zamani shule ilijengwa kwa matofali ya wazazi. Mwalimu mkuu aliyetaka darasa jipya ilimpasa asimame mbele ya wazazi, aeleze, aulizwe maswali makali, aonyeshe daftari la matumizi. Fedha zilipoanza kuja kutoka juu kupitia benki, baadhi ya wenzetu waligeuza shingo. Macho yao yakawa wilayani. Mikutano ya wazazi ikawa ya kutoa taarifa tu, na baadaye wazazi wakaacha kuja. Nao wazazi, kwa upande wao, wakaanza kusema "shule ya serikali" mahali waliposema zamani "shule yetu". Kiliponyofoka kitasa cha mlango, kila mtu alingoja serikali ije na bisibisi.

Walimu wakuu waliofaulu ni wale ambao, ijapokuwa fedha zilikuja bila wazazi, waliendelea kuishi kana kwamba haziwezi kutumika bila wao. Waliita kamati na kufungua daftari kabla ya kuulizwa. Walikwenda msibani. Kwa maneno mengine, walijifunza kuwahitaji watu ambao mpango haukuwalazimisha kuwahitaji. Hilo ndilo somo la Ashoka, na laweza kufanywa katika shule ya madarasa saba.

Nyumbani ni hivyo hivyo. Baba anayelima na mkewe na watoto wake hawezi kuwadharau kwa muda mrefu. Palizi itamfundisha adabu. Apatapo kipato chake cha pembeni ambacho nyumba haikijui, hapo ndipo sauti yake hubadilika. Huanza kuamrisha mahali alipokuwa akishauriana. Hata mataifa hupatwa na hali hiyo: serikali inayoishi kwa kodi ya wakulima na wafanyabiashara wake ina sababu ya kuwasikiliza, na ile inayoishi kwa mafuta yatokayo shimoni hushawishika kudhani kwamba shimo ndilo raia wake.

Sisemi basi tukatae barabara, wala mshahara, wala misaada, wala madini. Mtu hawezi kurudi porini kuwinda nguruwe ili awe mwema. Nasema kila riziki mpya inayomfikia mwenye madaraka bila kupita mikononi mwa anaowaongoza ni mtihani, na inafaa ajiulize siku hiyo hiyo: sasa nitawahitaji kwa lipi? Asipopata jibu, na alitafute. Na alitafute kwa bidii kuliko anavyotafuta riziki yenyewe.

Wazee wetu walisema cheo ni dhamana. Dhamana ni mali ya mwingine iliyo mkononi mwako, na mwenye mali hajafa. Atakuja kuiulizia. Kuna watawala walioulizwa kwa Kiva, na kuna walioulizwa kwa mkutano wa kijiji. Kwa aliyezoea kufungua daftari kabla ya kuulizwa, siku ya kuulizwa ni siku kama siku nyingine.